Harufu Katika Ghala la Chai

Itambulike na watu wote: Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Tume Kuu ya Chai Safi ilifungua kikao chake kitukufu katika ghala la ushirika, mtaa wa Keshero, Goma. Tume yenyewe ilikuwa mtu mmoja, mkaguzi Bienvenu, na kikao kilifunguliwa na mlango uliojibamiza nyuma yake. Kitasa cha ndani hakikuwepo.

"Mama Annonciata, munifungulie."

"Nikufungulie na nini, papa? Na miye niko humu humu."

Wakagonga. Wakaita. Mlinzi alikuwa ameenda Majengo kununua makaa. Simu zilibaki nje ndani ya makoti, kwa amri ya mkaguzi mwenyewe. Chai hufyonza kila harufu inayoikaribia, kwa hiyo anayeingia ghalani huvua koti na viatu, hunawa kwa maji matupu, wala hapaki hata mafuta.

"Basi tufanye kazi," mkaguzi akasema.

Gunia la kwanza: safi. La pili: safi. Lakini kadiri alivyousogelea ukuta wa nyuma, ndivyo pua yake ilivyokunjamana.

"Mama. Hapa kunanuka dawa ya wadudu."

Mama Annonciata, mwenyekiti wa ushirika, akanusa. Akanusa tena. Familia arobaini za milima ya Masisi zilikuwa zimelima miaka mitatu bila dawa wala mbolea ya dukani, zikisubiri karatasi moja tu: sertifika ya bio, cheti cha kilimo hicho kisicho na kemikali.

"Haiwezekane, papa. Siye magugu tunang'oa na mukono. Wadudu tunatoa na vidole, moja moja, kama chawa."

"Pua yangu haina ndugu, mama. Na watoto? Wanachuma?"

"Hakuna mutoto hata mumoja mu shamba! Wote wako ku masomo. Hata Rosine, mujukuu wangu, saa hii yuko ku internat, ku bweni ya masomo, anasoma."

"Hilo naandika kwa furaha. Lakini harufu, mama…"

Jua likapanda. Mabati yakaanza kualika, na joto likawabana wote kama mkate ndani ya tanuri. Harufu nayo ikazidi. Kwenye safu ya mwisho mkaguzi aliketi juu ya gunia, akafungua fomu, akaandika polepole: Imekataliwa.

Mama Annonciata hakulia. Alipiga magoti kwenye saruji akanusa gunia moja baada ya jingine, kama mzazi anayetafuta ni yupi kati ya wanawe aliye na homa.

"Papa, ungoje. Andika ni kosa yangu mimi. Wale bamama ba ku shamba usibaguse. Ni kweli walifanya kazi."

"Fomu haina nafasi ya hayo, mama."

Kalamu ikashuka hadi mahali pa sahihi.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kujificha. Naungama mbele ya Tume: asubuhi hiyo walipuliza dawa ya kunguni bwenini kwetu, vitanda na nguo zote, nami nikatoroka nimevaa sweta iliyopulizwa, nikang'oa kitasa, nikajibanza nyuma ya magunia nimcheke mkaguzi akiubembeleza mlango.

"Tate," nikamwambia bibi yangu, nikiinuka nimelowa jasho, "chai yenu haina kosa. Mwenye kunuka ni miye."