Hodi ya Nungunungu

Kisa hiki wanyama hukisimulia kwa kunong'ona.

Nungunungu alishtakiwa kwa kumuua Digidigi kwa miba. Marehemu alikuwa amekimbia mvua na kujibanza mlangoni pa shimo la mshtakiwa.

"Aliingia bila kupiga hodi, Mheshimiwa," Nungunungu alijitetea. "Niliogopa."

Hakimu Kiboko akapiga mwayo, kisha akatoa hukumu. "Mwenye hofu hana kosa. Nenda zako."

Ukoo wa Digidigi ukaangua kilio. Nyati akashangilia kuliko wote, akiwafokea wafiwa kwamba sheria ni sheria.

Nungunungu akaondoka kifua mbele. Lakini njiani kila mnyama alimpisha mbali, na kina mama wakawaficha watoto wao. Alifika bwawani koo limemkauka, akasimama kwa adabu kama ilivyo desturi.

"Hodi!"

Waliokuwa wakinywa wakainua vichwa. Macho yote yalikuwa kwenye miba yake.

"Hodi jamani!"

Nyati akageuka, akainamisha pembe polepole.

"Ndugu yangu Nyati, si wewe uliyenishangilia? Mbona nimepiga hodi!"

"Nimeisikia," Nyati akajibu. "Lakini naogopa."