Mbeleko

Siku ya mwisho ya mafunzo, Mwantumu aliingia darasani akiwa amemweleka mwanawe. Wakala aliyewapeleka wanawake ng'ambo kufanya kazi za ndani ndiye aliyewafundisha Kiingereza pia.

"Mwalimu, kujitwika ndoo wanasemaje?"

Wakala akamwambia.

"Na kumpakata mtoto?"

"Neno lile lile. Ndoo, mzigo, mtoto, neno moja tu. Usijisumbue."

"Na kumweleka?"

"Huko hawaeleki, dada. Watoto wana vigari." Akachungulia dirishani. "Gari la uwanja wa ndege limefika. Mpe bibi yake."

Mama yake Mwantumu alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, mkongojo kando. Mwantumu akafungua fundo la mbeleko kifuani, akamshusha mtoto taratibu asiamke, akamlaza mapajani mwa bibi yake.

"Nitampakata, mwanangu," mama alisema. "Kumweleka siwezi tena, unaujua mgongo wangu."

Mwantumu aliikunja mbeleko, akamwekea mama yake begani. Kisha akapanda gari, akaketi ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Mgongoni, gauni lilikuwa bado limelowa jasho la mtoto, na upepo wa dirisha lililo wazi ulikuwa umeanza kulikausha.