Nyuso Kambani

Tangu filamu zote zianze kuvunwa kwenye ndoto za watu, majina yao yakifichwa, Chande hakukosa kazi. Filamu za ndoto hazina maneno, na kibanda cha video bila mtafsiri kama yeye wa kuzitungia maneno hakijai.

Jumatano mchana ilikuja ya kutisha. Mwanamke kwenye ua uliosakafiwa kwa meno alikuwa akifua nyuso za mwanamume, akizisugua midomo mpaka ifutike, kisha akizianika kambani. Watu wakapiga mayowe.

“Mume mropokaji huyo!” Chande alidakia kwenye maikrofoni. “Mwenzake kachoka!”

Kibanda kizima kikaangua kicheko, wakataka irudiwe. Iliporudiwa ndipo Chande alipoliona beseni: la njano, lenye ufa ulioshonwa kwa waya. Mshono ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani alimkuta mkewe, Tatu, akianika nguo.

“Nasikia leo mlijaza,” Tatu alisema bila kugeuka. “Wameipenda?”

“Sana.”

“Na wewe uliwaambia yule mama ana shida gani?”

Chande, ambaye hakuwahi kuishiwa maneno, akainua mkono taratibu, akajipapasa mdomo.