Hewa ya Mkopo

Nesi alipowasha mtambo wa oksijeni, barakoa usoni mwa mtoto ikaingia ukungu, ikatakata, ikaingia ukungu tena.

Mwanaheri, aliyeteremka na mjukuu huyo mgongoni kutoka Magamba, juu milimani, aliukazia macho ukungu ule. Hakulia. Mwaka wa korona, baba wa mtoto alikata roho katika wodi hiihii, mitungi ya oksijeni ikiwa bado njiani kutoka Tanga.

"Wakati ule hatukuwa na mtambo, bibi," nesi alisema taratibu. "Huu umeletwa baadaye, kwa mkopo wa serikali. Deni lenyewe watakuja kulilipa hawahawa watoto."

Ukungu ukachelewa kidogo, kisha ukarudi.

"Haya," Mwanaheri alisema, bila kuinua macho. "Akue, alipe."