Miche ya Leokadia

Bukuru aliutua mkungu wa chikichi kwenye kibaraza cha jirani yake, Leokadia. Ulikuwa mkungu wa kwanza wa shamba lake jipya. Miaka minne iliyopita aling'oa migomba yote ili apande miche aliyopewa na huyu mama.

Alichomoa tunda moja, akalipasua kwa panga juu ya jiwe. Kokwa nene, nyama kidogo, mafuta hakuna. Akapasua la pili. La tatu.

"Dada, mbegu ulitoa wapi?"

"Pale." Leokadia alionyesha mchikichi wake wa kisasa, aliouleta bwana shamba, ule unaosifiwa na mji mzima. "Niliokota chini yake, mimi mwenyewe."

"Bwana shamba anasema mbegu za mti huo si za kupanda. Miche michache hutoka kama mama yake, mingine ndiyo hii."

"Mbona hakuniambia?"

"Hata mimi kaniambia jana."

"Shambani kwako ya namna hii ni mingapi?"

"Zaidi ya nusu."

Leokadia alitikisa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa habari za mtu asiyemjua. Kisha akainuka, kwa kuwa saa ya kumwagilia ilikuwa imefika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na miche mia tatu ya mbegu za mchikichi uleule, kwenye viriba vya plastiki, na wenyewe wangekuja kuichukua Jumamosi.

Akaanza mstari wa kwanza. Baada ya muda Bukuru alichukua ndoo, akaanza wa pili.

Miche yote ilikuwa imesimama vizuri, kijani kibichi, na yote ilifanana.