Sufuria ya Chama

Ngo! Ngo! Ngo! Mwiko uligonga sufuria, kisha moshi ukaonekana mbele ya lango la kiwanda cha korosho. Wabanguaji walikuwa wamegoma wakidai glavu, maana mafuta ya maganda yaliwababua vidole. Bi Mwanakheri, mbanguaji mwenzao, aliwapikia uji katika sufuria ya chama chao, ileile inayoazimwa kila penye msiba mtaani.

Msimamizi akatoka, mishipa imemsimama shingoni. "Njaa ndiyo itakayowarudisha ndani. Shekue, mwaga!"

Shekue, mlinzi wa lango, akaishika sufuria kwa kitambaa. Hakuiinua.

"Mwaga, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri. "Si unaijua? Ndiyo iliyopikia matanga ya mama yako."

Shekue akavua kofia ya kazi, akaitupa miguuni pa msimamizi, akaokota bakuli. "Nitilie, mama."

"Umefukuzwa!"

"Basi mtilie mawili!" mtu akadakia, na lango zima likaangua kicheko.

Bi Mwanakheri akamgeukia msimamizi, uji ukichuruzika kwenye mwiko. "Nawe bwana, glavu utatupatia. Na siku utakapofiwa, tutakuja na hiihii, tukupikie. Nakuahidi mbele ya hawa wote."