Picha Ambayo Haikufutwa

Kamera ilikuwa bado na kifuniko chake, lakini kwenye skrini alikuwepo mwanamke, anacheka.

Fundi alidhani macho yanamdanganya. Akafunga programu, akaifungua tena. Mwanamke yule yule, amejinafasi kwenye kiti cha Fundi, na mkono wake uko kwenye kibodi ya Fundi.

Hakukuwa na uchawi hapo. Katika ofisi yao ya kutengeneza kamera za milangoni, Fundi ndiye aliyeandika kiendeshi, kile kinachokaa ndani kabisa ya mfumo na kuzungumza na kamera. Mumewe aliandika programu ya juu, ile wanayoiona wateja. Wote wawili walitumia sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta: kiendeshi kinaweka picha, programu inaisoma humo humo, hakuna kupoteza muda kunakili. Sharti lilikuwa moja, anayemaliza afute.

"Sahani ni moja, baba," Fundi alizoea kumtania. "Ukila, uoshe."

Jana Jumapili mumewe alikuja peke yake, eti kurekebisha vitu vidogo. Kompyuta hakuizima, na sahani hakuiosha; picha ya jana ikabaki humo.

Fundi aliikodolea macho skrini. Kazi yake ya mshahara aliiacha ili ajenge ofisi hii na mwanaume huyu. Ndoa yake na riziki yake vyote vilikuwa ndani ya chumba hiki kimoja, na sasa mtu kaletwa humu humu. Iliuma.

Mumewe aliingia na vikombe viwili vya chai. Alipoiona skrini, kimoja kilimponyoka.

"Nani huyu?"

"Ngoja nikueleze, mke wangu."

"Mmeanza lini?"

"Tumeanza nini? Haki ya Mungu, sijamgusa hata kidole! Mume wa huyu mwenyewe alikuwepo. Angalia nyuma yake, pale mlangoni."

Fundi akasogea. Kweli, nyuma kabisa kulikuwa na mwanaume kajiegemeza mlangoni, kabeba mtoto aliyelala, uso umechoka kwa kusubiri.

Fundi akajikuta analia na kucheka kwa pamoja. Aibu ilimshika. "Ungeniua kwa presha, wewe," alisema, akajifuta machozi kwa kiganja.

Mumewe alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mimi nikusaliti wewe? Siwezi," alisema kwa upole. "Yule ni wa kazi tu. Kiendeshi chako kakisoma, kakielewa chote. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia: kesho anachukua nafasi yako."